Godoro la sufi la fundi wa Majengo, kwa wanaoteswa na joto usiku

Mimi ni karani kwenye yadi ya makasha, yaani kontena, huko Changamwe. Dereva wa lori akifika dirishani kwangu keshapanga foleni tangu usiku, jua limempiga, tajiri wake anampigia simu bila kupumzika, na hasira zote hizo mtu wa kwanza kuzipokea ni mimi. Kila kasha lina namba yake, herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu moja ikipinda mzigo hautoki. Kazi hii haimtaki mtu aliyekesha. Nami nilikuwa nakesha, si kwa arusi wala matanga, ni kwa joto la godoro.

Tunakaa Kisauni, nyumba ya mabati. Mwenyeji wa Mombasa hahitaji kuelezwa habari za Februari na Machi, kaskazi imelegea na kusi bado haijaingia: usiku wa manane ni nyuzi 25 hivi, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Godoro letu lilikuwa la sponji, la dukani, lenye karatasi ya dhamana na sifa nyingi. Lilishika joto la mwili likakurudishia mgongoni. Feni inapuliza juu, chini kunachemka. Saa saba nageuza mto, saa tisa nahamia mkekani, na adhana ya alfajiri inanikuta macho.

Mama mkwe ndiye aliyetupeleka kwa fundi wa magodoro ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Kibanda chake kiko Majengo, hakina kibao, lakini ukiuliza fundi magodoro unaonyeshwa. Nilimwamkia, na kabla ya habari ya bei akaanza yeye kuuliza: "Mnalala wangapi, mwanangu? Mzito ni nani? Kuna mwenye kuumwa mgongo? Kuna mwenye pumu nyumbani?" Dukani tulikonunua la kwanza tuliulizwa tu tunalipa taslimu au kwa simu.

Alinifungulia gunia nitie mkono ndani. Sufi nzuri ni nyeupe ya kuelekea manjano, inateleza vidoleni kama hariri, na nyepesi mno. Akanieleza kwamba kila uzi wake una tundu ndani lililojaa hewa, na nje una nta inayokataa maji; ndiyo maana zamani ilitiwa hata kwenye maboya ya kuvaa mabaharia. Vijana wake walikuwa chini wanachambua mbegu. Mbegu ikibaki, akasema, inachoma ubavu na inawaita panya. Kitambaa ni kizito chenye mistari ya buluu, kimefumwa kwa kubana ili sufi isitoke. Wakishajaza wanalipiga kwa fimbo lilingane, wanashona kingo kwa shazia, kisha wanapitisha uzi toka juu hadi chini kwa safu, sufi isije ikakimbilia upande mmoja. Nilisimama nikitazama mpaka nikasahau kwamba nimeomba ruhusa ya nusu siku tu.

La futi 5 kwa 6 alinitoza shilingi 9,500, kitambaa kikiwa chake. Nusu unatanguliza, nusu ukichukua. Asubuhi unaagiza, jioni liko tayari, na tuktuk inalibeba likikunjwa.

Usiku wa kwanza lilinuka kitambaa kipya na nililiona limenyanyuka sana. Baadaye likatulia na umbo la mwili. Kubwa ni kwamba halishiki joto: ukigeuka, pale ulipotoka panapoa. Sasa napanda kitandani saa tatu na nusu, chandarua kimeshushwa, simu iko sebuleni, naamka saa kumi na moja kwa adhana.

Dada yangu ni muuguzi, na aliponisikia nikilisifu hakushangaa. Alisema mwili ili uzame usingizini lazima joto lake la ndani lishuke kidogo, na chumba au kitanda chenye moto kinauzuia. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Akanieleza pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2007: watu waliokeshwa usiku kucha walionyeshwa picha za kuudhi huku ubongo wao ukipigwa picha, na ile sehemu inayowasha hofu na hasira iliwaka kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa waliolala. Nilimwambia hilo nalijua bila mashine. Dereva yule yule, kelele zile zile: nikiwa sijalala moyo unanidunda na maneno yake nayabeba hadi kwenye matatu, hadi jikoni, watoto wanayapata wao. Nikiwa nimelala namsikiliza, namwomba karatasi, naisoma namba ya kasha mara moja na yatosha. Mkopo wa chama haujapungua, foleni ya Makupa haijapungua. Kifua ndicho kimepungua kubana, na hilo wamelitambua wenzangu ofisini kabla sijawaambia.

Taabu zake zipo. Godoro la sufi linataka kuangaliwa. Kila wiki ligeuzwe, kila baada ya siku kadhaa lianikwe juani. Ukizembea linajipanga mabonge na katikati panabonyea. Baada ya muda sufi inalala kabisa, na fundi huwa anataka lirudishwe afumue, achambue upya na kuongeza, kwa malipo. Mkojo wa mtoto ni balaa, tandika nailoni. Mwenye pumu asilijaribu bila kumuuliza daktari, kwa sababu ya vumbi, na anayetaka godoro gumu la kunyoosha mgongo ataliona laini mno. Fundi mwenyewe atakwambia hivyo na kukuelekeza kwa jirani yake wa magodoro ya makumbi ya nazi.

Kwa nyumba ya mabati yenye joto, mimi nalipatia nyota tano, na pesa yangu naiona ilikokwenda. Nenda Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa anafunga mapema, na kabla ya Ramadhani oda zinajaa. Mito miwili ya watoto nimeshaitangulizia.