Jumamosi tatu za mafunzo ya usalama kwa vijana hapa Tanga: nyota tatu na nusu kutoka kwa mama chipsi

Naandika hili kabla sijalisahau, maana wazazi wenzangu wa Ngamiani hawaniachi: "Yale mafunzo uliyowapeleka wanao yana faida, au ni kuliwa hela tu?" Jibu fupi: yana faida, peleka. Jibu refu ndilo hili, na ndani yake mna malalamiko, kwa hiyo jina la waandaaji siliandiki. Wenyewe nimeshawaambia uso kwa uso. Anayetaka kuwajua aje kibandani, ale sahani ya chipsi, nitamwelekeza.

Mimi nauza chipsi mayai na mishikaki, mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi wa tano kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa ananisaidia jioni, viazi vilikuwa na maji, mafuta yakamrukia mkononi. Jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno, mwingine kashavunja yai. Mimi, mtu wa karai miaka yote hiyo, nikasimama kama mlingoti. Tukampaka vyote viwili. Kule zahanati muuguzi alihangaika kuibandua ile dawa ya meno iliyokwisha kukauka juu ya kidonda, mtoto analia, mimi nimegeukia ukutani nasoma tangazo la chanjo. Kovu analo hadi leo, limekaa kama ramani ya Pemba.

Basi niliposikia kuna mafunzo ya kujikinga na ajali na "kuchagua maisha yenye afya", vijana wa miaka 13 hadi 18, Jumamosi tatu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane, 15,000 kwa kila mtoto na chakula humo humo, nikalipia wawili: yeye na dada yake wa kidato cha pili. Mzazi akitaka anaruhusiwa kukaa nyuma. Wengi walishusha watoto wakaenda zao. Mimi nilikaa. Asubuhi sina wateja, halafu elfu thelathini yangu nilitaka kuiona inavyoliwa.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya moto, na aliyefundisha ni muuguzi mstaafu, mama wa makamo, kanga kaifunga kiunoni kama anakwenda shamba. Akawauliza: ukiungua, unapaka nini? Wakamtajia: dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, majivu. Kayaandika yote ubaoni bila kucheka, kisha kayapiga mstari mmoja mrefu, akaandika neno moja chini yake: MAJI. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20.

Hapo wengine wangehamia somo lingine. Yeye akamwita kijana mmoja, akampeleka kwenye bomba la nje, akamwambia weka mkono, na sisi wote tutasubiri hizo dakika 20 tukiangalia saa. Jamani, dakika 20 ni nyingi! Dakika ya tatu watoto wameanza kupigana makofi. Ya saba yule wa bombani anauliza, "Bibi, bado tu?" Ya kumi na mbili kabadilisha mguu wa kusimamia. Ilipofika ishirini bibi akasema, "Sasa mnajua kwa nini watu hawamalizi." Nikajiona mimi na lile yai langu.

Mtoto mmoja akauliza kwa adabu: na maji yakiwa yamekatika? Swali la mtu anayeishi mji huu huu. Bibi akaomba beseni na kopo. Unamwagia taratibu, maji yanaangukia kwenye beseni, unachota hayo hayo unamwagia tena. Akaongeza kwamba pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, malengelenge yasitumbuliwe, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisha hospitali. Kuhusu mafuta yaliyoshika moto walitoka uani, wakawasha karai dogo, kila mmoja akajifunza kuusukuma mfuniko kutoka upande wake kwenda mbele, kama ngao, halafu kuzima gesi. Maji yasiguse mafuta hayo kabisa. Mwanangu aliusukuma mfuniko kwa mkono ule ule wenye Pemba. Sikusema kitu. Namba ya Zimamoto, 114, waliiimba mpaka ikawachosha.

Jumamosi ya pili, barabara. Ilianza vibaya. Kijana mmoja mwenye kompyuta alituonyesha michoro na takwimu: Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ni kweli na ni jambo zito, lakini nilikuwa nyuma nawaona: hakuna aliyeinua kichwa. Binti yangu alikuwa anachora maua kwenye daftari.

Kisha akaingia dereva wa bodaboda, mwenyekiti wa kijiwe chake, na kofia ngumu nne mkononi. Akawaambia wavae kama wanavyovaa siku zote. Wakavaa. Akapita nyuma yao, akishika kofia kwa nyuma na kuisukuma mbele. Ya kwanza ikaruka ikaanguka sakafuni, puu! Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilimkaa yule mtoto usoni kama sufuria. Wote waliinua vichwa sasa. "Hii haikuwa kofia," akasema, "hili lilikuwa pambo." Akawafunga upya mmoja mmoja: mkanda chini ya kidevu, vidole viwili tu vipite katikati, kofia ikae usawa juu ya nyusi, si kuegemea kisogoni kama ya bwana harusi. Na kofia iliyowahi kuanguka na mtu katika ajali haina kazi tena, hata kama kwa nje inang'aa.

Wasichana wakatoa hoja yao: kofia ya abiria inanuka, na mwenye rasta za kufunga juu haimwingii. Nilidhani atawakaripia. Akasema ni kweli zinanuka, ya kwake pia. Beba kofia ya nailoni ile ya saluni, itangulize ndani. Rasta funga chini, shingoni, siku ya safari. Ndiyo sababu nampenda fundi anayefanya kazi yenyewe kuliko mwenye michoro.

Akagusa na mishikaki. Si hii yangu ya jikoni, ile ya watatu au wanne juu ya pikipiki moja. Watoto wakaanza kunigeukia wakicheka, wanajua nauza nini. Nilicheka pia, ingawa nakiri kwamba siku ya mvua nimewahi kupanda mshikaki na hao hao wanangu wawili.

Sasa kipande ambacho kwangu mimi peke yake kinatosha hiyo 15,000. Alisema: nyote mnajua kwamba dereva aliyelewa au anayekimbiza chombo si wa kupandwa. Tatizo ni kwamba mko juu yake tayari. Mnasemaje? Ukumbi kimya. Kijana mmoja: "Namwambia punguza mwendo." Dereva akajibu, "Na mimi nakujibu: wewe dogo unanifundisha kazi? Halafu naongeza." Akawapa maneno yake mwenyewe: "Kaka, nishushe hapo mbele, nimefika." Basi. Usimweleze amekosea, usibishane, usimtishe kwa polisi ukiwa bado juu ya pikipiki yake. Umefika. Nauli iwe mkononi tayari, mpe yote hata kama safari haijaisha, shukia penye watu, piga simu nyumbani. Kuna mama wa mbele alinong'ona kwamba huko ni kuwafundisha watoto uongo. Mimi nasema uongo wa namna hiyo waufundishe mara mbili.

Wakaufanyia mazoezi, wawili wawili kwenye benchi, mmoja dereva mmoja abiria. Mwanzoni sauti hazitoki. "Kaka... samahani kaka..." Mpaka mzunguko wa tatu ndipo binti yangu akasema "Nishushe hapo mbele, nimefika" kwa sauti ya mtu aliyefika kweli. Sikuwa najua kwamba mtoto anaweza kulijua jambo lote kichwani akakosa sentensi ya kulitolea.

Dosari ya siku hiyo: kofia nne kwa watoto thelathini na mmoja. Foleni ilikuwa ndefu kuliko somo. Na chakula cha mchana, pilau tamu sana, nampongeza mpishi, lakini kililetwa na soda, dakika chache baada ya wao wenyewe kutupimia sukari ya chupa moja kijiko kwa kijiko ndani ya glasi, karibu vijiko tisa. Watoto walizinywa wakiangaliana. Hapo wangeweka maji tu, au madafu, tuko Tanga.

Jumamosi ya tatu ilikuwa na asubuhi nzuri na mchana mbaya.

Asubuhi tulikwenda ufukweni, Raskazone. Kwa mji wa bahari ni aibu idadi ya watoto wetu wasiojua kuogelea, na wangu wamo. Mwezeshaji hakujaribu kuwafundisha kuogelea kwa siku moja. Aliwafundisha jinsi ya kutozama wawili badala ya mmoja: mwenzio akizidiwa, usimrukie, atakushika akuzamishe. Piga kelele, mnyooshee mti, mtupie kitu. Kitu gani? Dumu tupu la lita 20, lile la kuchotea maji, kifuniko kimekazwa, kamba imefungwa mpinioni. Dumu linaelea na mtu mzima kalikumbatia. Wakashindana kulirusha kwa mwezeshaji aliyesimama maji ya kifuani, na nasema bila upendeleo kwamba mwanangu alilifikisha mara ya pili. Kuhusu aliyetolewa majini bila kupumua, wakaelezwa waachane na ile ya kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke. Anahitaji pumzi, na kifua kukandamizwa kwa nguvu katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada. Mwanasesere wa mazoezi alikuwa mmoja, mkono umelegea, lakini wote walimgusa.

Mchana tukarudi ukumbini. Wakafungua projekta na kuanza kuonyesha picha za majeruhi wa ajali, damu na mifupa, bila kuuliza kwanza nani yumo humu. Alikuwamo mtoto ambaye familia yake imepitia hayo, na nusu ya mtaa tunajua. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Yule bibi muuguzi ndiye aliyemfuata. Ningekuwa mwandaaji, picha zile zisingeingia ukumbini kabisa. Kofia iliyoanguka puu ilifanya kazi kubwa kuliko damu yote ile.

Halafu ikaja mada ya kuchagua vyema: pombe, sigara, mahusiano. Wavulana wakaambiwa watoke wakacheze mpira. Wasichana wakabaki, na bwana mmoja akawahubiria dakika arobaini kuhusu mavazi. Mavazi! Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, mwanangu wa kiume anayecheza mpira huko nje, yeye hachagui kitu maishani? Akasema, mama, muda umekwisha. Namba 116, ambayo mtoto anaweza kupiga bure kuomba msaada akiwa anafanyiwa ukatili, ilitajwa mlangoni watu wakiwa wanatoka. Ile ingekuwa ya kuimbwa kama 114.

Na la mwisho la kulalamikia: karatasi walizogawa za kwenda nazo nyumbani ziko kwa Kiingereza. Zote. Mafunzo kwa Kiswahili, maswali kwa Kiswahili, karatasi Kiingereza. Nimeipeleka yangu kibandani, binti kanitafsiria ile ya kuungua, kaiandika upya kwa kalamu nene, nimeibandika juu ya mtungi wa gesi. Wateja wanaisoma wakisubiri mayai yaive.

Jumatatu iliyopita, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ikalia. "Mama, niko hapa Mabawa, nimeshuka. Kaka alikuwa anaongea na simu huku anaendesha." Nikamuuliza umemwambiaje. "Nimemwambia nimefika." Na nauli? "Nimempa yote, elfu." Kaka yake akamfuata na baiskeli. Yule dereva, kwa maelezo ya binti, alisema asante akaondoka, bado anaongea na simu.

Nyota tatu na nusu basi. Nusu hiyo ni ya bibi muuguzi. Awamu nyingine ni likizo ya Desemba. Kabla hujalipa, waulize kama karatasi za Kiswahili ziko tayari. Wakisema bado, waambie mama chipsi anawasalimia.