Uzoefu wangu: kusaka vigari vya sloti vya zamani kwenye swapu ya Arusha

Naanza na jibu kabisa maana najua wengine mnataka hilo tu. Swapu ya vitu vya hobi (yaani gulio la kuuziana na kubadilishana) hapa Chuga inafaa kwenda kama unatafuta vigari vya sloti vya zamani, ila nenda na betri yako, bisibisi yako na macho yako, na kigari ambacho mwenyewe hataki ukigeuze tumbo juu achana nacho hata kama kinang'aa vipi. Sasa maelezo.

Kwa ambao hawajui naongelea nini, hivi sio vile vya rimoti vinavyouzwa madukani kipindi cha Krismasi. Kigari cha sloti kinakimbia kwenye njia yake yenye mfereji, chini ya pua kuna kiulimi kinaingia kwenye huo mfereji, pembeni kuna vireli viwili vya chuma vyenye umeme, vibrashi vya shaba chini ya gari vinagusa vireli na mota inazunguka. We kazi yako ni kontrola tu, unabonyeza kinaenda, ukizidisha kwenye kona kinaruka kinaishia chini ya kochi. Walioanza kuvifanya biashara kubwa ni Waingereza, jamaa anaitwa Fred Francis alikuwa na kiwanda cha Minimodels anatengeneza vigari vya bati vya kujaza spring vinaitwa Scalex, mwaka 1957 akavitoa vikiwa na mota ya umeme akaviita Scalextric, mwaka uliofuata tu akauza kampuni kwa Lines Bros, wale watengeneza midoli wa jina la Tri-ang. Wamarekani wakaja na Aurora 1960, hivyo ni vidogo vinakaa kwenye kiganja, Wajerumani na Carrera 1963.

Huku kwetu vilifikaje? Kwa nilivyosikia kwa wauzaji wenyewe ni kupitia familia za Kihindi za mjini na wazungu wa mashamba, baba akienda Nairobi au Uingereza anarudi na boksi la mtoto, mtoto anakua anaenda Canada, boksi linabaki stoo na panya. Ndio maana vikitokea vinatokea kwa mkupuo, mzee kahama nyumba au kafariki, watoto wanasafisha stoo.

Hiyo swapu inafanyika kwenye uwanja wa nyumba ya mtu upande wa Njiro, chini ya miti, meza za plastiki, kiingilio kidogo tu na chai ipo. Wengi wanakuja na stempu, sarafu za zamani, kamera za filamu, santuri, wachache na treni za umeme. Watu wa sloti tunakaa kona moja karibu na bomba la maji na ukichelewa kufika unakuta mabaki, kwa hiyo wahi, ukifika saa tano umeshachelewa. Utaratibu ni mzuri kiasi, watu wanaheshimiana, vitu haviibiwi. Kasoro kubwa ni kwamba hakuna sehemu ya kutestia! Yaani mnakusanya watu wa vigari vya umeme mahali na hakuna hata kipande cha njia chenye moto. Extension ipo ila ni ya kuchemshia maji ya chai, nikauliza kama tunaweza kuchomeka transfoma nikaambiwa ngoja chai iishe. Chai haikuisha.

Ndio maana nasema betri. Chukua ile ya 9V ya mraba, fungia vipande viwili vya waya, gusa vile vibrashi chini ya gari, moja huku moja kule. Scalextric za kawaida ni za volti 12 na Aurora Thunderjet (zile Aurora za baadaye zenye mota ya kuzunguka) zinapenda kama 18, lakini 9 inatosha kabisa kuona mota iko hai au imekufa. Mota nzima inashtuka hapo hapo na tairi za nyuma zinazunguka. Ikizunguka kwa kusitasita sio mwisho wa dunia, mara nyingi ni uchafu kwenye kaboni za ndani ya mota tu. Ikitoa harufu ya kuungua rudisha mezani taratibu.

Meza iliyonifurahisha ilikuwa ya mzee mmoja wa Kihindi, Kiswahili chake ni cha Kaloleni kabisa. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana, unataka hii ya kijani? Ilikuwa Vanwall ya Scalextric, mfano wa gari la mbio la Kiingereza, chini imeandikwa C.55 na Made in England, hii ni kati ya zile za plastiki za mwanzo, 1960, maana kabla ya hapo bodi zilikuwa za bati. Nikaomba kuigeuza akasema, "Geuza tu, geuza, fungua na bisibisi kama unataka, mimi nilikuwa naichezea sebuleni hapo hapo Kaloleni, mama akipita na trei tunagombana." Nikageuza. Kwenye ekseli ya nyuma kuna nywele na nyuzi za kapeti zimejisokota mpaka zimekuwa ringi nyeusi, grisi ya zamani imeganda rangi ya asali, kiulimi kimelika upande mmoja kuonyesha njia yake ilikuwa na kona nyingi za kushoto. Skrubu haijachubuka, yaani haijawahi kufunguliwa na fundi uchwara. Tairi zimekauka, ukizigonga na kucha zinalia kama punje za mahindi. Kioo cha mbele hakipo. Dereva yupo, kichwa kipo, na hilo ni muhimu kuliko unavyodhani maana vichwa vya madereva ndio vitu vya kwanza kupotea.

Nikaweka betri, ikazunguka. Mzee akacheka kwa sauti mpaka meza ya stempu wakageuka.

Alianza na laki na nusu, tukaongea, tukaishia elfu tisini na akanipa na kontrola mbili za zile za kubonyeza kwa dole gumba. Kwa gari ya umri huo isiyo na kioo naona ni bei ya haki, sio ya kutupa wala ya kuibiwa.

Meza ya pili sasa. Kijana mmoja, mtanashati, vitu vyake vimepangwa kwa rangi, kila bei ameitoa kwenye simu kwa dola kisha akazidisha. Ana Mini Cooper ya Scalextric kwenye boksi lake, anasema orijino kila kitu, laki sita. Gari lenyewe zuri. Ila boksi jamani, karatasi nyeupe peee, pembe hazijalika hata moja, na nilipolivuta karibu na kamera ya simu nikaona vidoti vya printa. Maboksi ya kuchapisha upya yanauzwa kihalali kabisa huko Uingereza kwa watu wanaotaka kutunza magari yao na hakuna ubaya wowote, ubaya ni kuliita la zamani na kuweka bei ya la zamani. Nikamwomba nigeuze gari, "hapana bro utaacha alama za vidole." Betri je? "Betri inaua mota." Haiui. Nikamwambia haya kaka, biashara njema, nikasonga.

Sasa kuna kitu kuhusu betri ambacho wengi hawajui na kilinipa mtaji siku hiyo. Kwenye sanduku la buku mbili mbili, katikati ya vipande vya reli vyenye kutu, kulikuwa na Aurora kadogo ambako muuzaji amekatenga kama mabovu ya kuchukua spea. Aliweka betri mbele yangu, kakatoa "tik" moja kakanyamaza. Kafa hako, akasema. Ila Aurora zile za mwanzo kabisa, kuanzia 1960 mpaka walipoleta Thunderjet 1963, hazina mota ya kuzunguka. Ndani kuna koili na kibati kinachotetemeka, na kibati kinasukuma gia jino kwa jino, na ili kitetemeke lazima umeme uwe AC, ule unaogeuka geuka. Betri ni DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo koili inavuta kibati mara moja tu na kinabaki hapo. Hiyo "tik" ndio dalili ya uzima! Nilimwambia jamaa, kaka hii sio mbovu hii inataka AC, akadhani namtania, akasema we toa elfu mbili yako chukua. Nikatoa. Nyumbani kwa transfoma ya AC kalinguruma kama kawaida yao, zina kelele hizo zinatetemesha meza nzima, na mwendo wake ni wa kujivuta, wala usitegemee mbio.

Kwenye hizo Thunderjet angalia matao ya tairi. Watoto wa zamani walikuwa wanayakata na kisu moto ili zipite tairi nene za nyuma, gari linakimbia vizuri zaidi lakini kwa mkusanyaji thamani inaporomoka, na haitengenezeki. Nilikuta nne nzuri za rangi, zote zimekatwa. Angalia pia vile vinguzo vya ndani vinavyoshika skrubu, vikiwa na ufa maana yake kuna mtu alikaza kwa hasira. Kama unanunua kwa ajili ya kukimbiza tu na sio kupanga kabatini basi zilizokatwa ndio zako, bei ni nusu na hutaumia roho zikigonga mguu wa meza.

Onyo la transfoma, hapa naomba msome. Za Kiingereza zinaingiza volti 240 kwa hiyo kwa umeme wetu wa Tanesco hazina shida, nyingi zina plagi ile ya zamani ya miguu mitatu ya duara, badilisha plagi na angalia waya kama mpira haujapasuka. Za Kimarekani zimeandikwa 120. Ukichomeka moja kwa moja ukutani utapata moshi, na kwenye swapu kulikuwa na seti nzima ya Aurora inauzwa na transfoma yake ya 120 bila mtu kusema neno. Nilimwambia dada aliyekuwa anaiangalia, akaipata kwa bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo.

Matengenezo ni rahisi kuliko watu wanavyotisha. Tairi za Thunderjet unaweza kuweka oringi za duka la spea, nenda na rimu yako mkononi ujaribishe pale pale kaunta. Vibrashi vya shaba fundi redio wangu amenitengenezea kwa ule utepe wa shaba wa kunyonyea risasi. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwenye kila ekseli, ukimimina yanafika kwenye kaboni na gari linagoma. Reli zenye kutu usikimbilie msasa, anza na raba ya penseli, msasa unachubua ule mng'ao wa juu na wiki ijayo kutu inarudi kwa nguvu. Kioo cha mbele cha Vanwall ndio kimenishinda hapa Arusha, vya kuchonga upya vipo Uingereza na nauli ya posta inazidi bei ya kioo.

Kuendesha? Vigari vya sasa vina sumaku chini inayovuta reli, vinakata kona kwa spidi hata mtoto wa miaka mitano anashinda. Hii Vanwall haina kitu kama hicho, mkia unatoka kila kona, lazima uachie kontrola mapema alafu uikute katikati ya kona na dole lile lile. Shemeji yangu anayejiita dereva alikuwa nje ya njia kabla ya raundi kuisha, akasema gari ni bovu. Mwanangu wa darasa la nne kaipatia jioni hiyo hiyo.

Kulinganisha, Memorial pale Moshi kwenye midoli ya mtumba nako vinatokea kimoja kimoja, muuzaji anadhani ni kigari cha kusukuma kilichopoteza kitu, bei ya pipi. Ila ni bahati nasibu, unachambua gunia la midoli juani na mara nyingi unarudi na vumbi tu, na njia wala kontrola hutapata. Swapu ni ghali zaidi lakini unakutana na mtu aliyekichezea, anakwambia kilianguka lini na nani alikipaka rangi.

Kitu ambacho hutakipata kwa bei ya kueleweka ni ile Datsun 260Z ya Scalextric. Wazee wote wa hapa wanaitaka, maana ndugu yake Datsun 240Z ndio ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, enzi hizo mashindano yakiitwa East African Safari na yanapita mpaka huku, na kila mzee alisimama kando ya barabara akala vumbi. Ilikuwepo moja, imepoteza bampa, wazee wawili wakaigombania mpaka bei ikapita uwezo wangu mara tatu.

Kwa ujumla mimi nawapa nne kwa tano, moja nimeikata kwa ajili ya ile extension. Next time nakwenda na kipande changu cha njia na betri ya pikipiki ya 12V tuweke pale bombani, kila mtu ateste, tuone yule kijana wa maboksi atakaa meza gani. Na mwenye kioo cha Vanwall C.55 tuonane hapo, nina kontrola moja ya ziada na Thunderjet nyekundu ambayo haijakatwa matao.