Huduma ya kuwatembelea wazee wenye demensia mjini Tanga: tathmini ya aliyejitolea kwa miezi tisa

Kila Jumamosi kwa miezi tisa sasa nimekuwa nikijitolea katika huduma ya usharika mmoja wa hapa Tanga, ambayo huwatembelea majumbani wazee wenye demensia, yaani waliopungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kuanzia Chumbageni hadi mitaa ya Ngamiani. Jina la usharika silitaji, kwa kuwa nina ya kusifu na ya kulaumu.

Ninachokisifu kwanza ni mafunzo. Hakuna anayevuka kizingiti cha nyumba ya mzee kabla ya kukaa siku mbili darasani, mahali ambapo muuguzi mstaafu hufafanua kwamba demensia ni ugonjwa wa ubongo, kwamba aina yake inayowapata wengi zaidi ni ile iliyoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, na kwamba nyingine hufuatia kiharusi. Husisitiza pia kuwa mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini huweza kumvuruga mtu vivyo hivyo, na hayo yanatibika. Somo hilo ni la thamani kubwa katika nchi ambayo bado wapo wazee wanaoitwa wachawi kwa sababu tu hutangatanga usiku wakizungumza peke yao.

Manufaa ya mafunzo niliyaona kwa babu mmoja aliyetumia ujana wake kukata mkonge. Kila asubuhi huuliza kama mnyapara amekwisha kuhesabu matita yake. Kijana aliyemtembelea kabla ya utaratibu huu kuanza alimjibu kwamba shamba lile aliliacha zamani, na babu alikasirika hata akakataa uji. Sisi tulifundishwa kuingia katika wakati wake badala ya kumvuta aje katika wakati wetu, basi mimi humjibu, "Matita yametimia, babu, pumzika sasa," kisha humpa nyuzi za katani azisokote. Jina langu hajawahi kulishika, lakini nikimwambia "Shikamoo, babu," huitikia "Marahaba, mjukuu wangu" bila kusita, siku zote, hata siku ambazo hamtambui mwanawe wa kumzaa. Salamu ile mimi huiona kuwa mlango uliobaki wazi, na ninawasihi wanaoanza huduma wasiipite kwa haraka.

Wanaofaidika si wazee peke yao. Binti wa babu huyo, ambaye ndiye anayemwogesha, kumlisha na kumzuia asitoke usiku, aliniambia kwamba kabla hatujaanza kwenda hakuwa amefika soko la Mgandini kwa utulivu kwa muda wa mwaka mzima. Jumamosi ya kwanza hakwenda sokoni. Alilala saa mbili mfululizo.

Ipo kasoro inayoniumiza. Vijana wa kwaya, ambao hawakupitia mafunzo, huruhusiwa kuwatembelea wazee Jumapili jioni, kundi la watu kumi au zaidi, wakiwa na ngoma, katika saa ambayo wengi wa wagonjwa hawa huzidiwa na wasiwasi. Jua linapotua, mzee aliyekaa nyumba ileile kwa miaka arobaini huanza kuomba apelekwe nyumbani kwake. Ukimjazia sebule nyuso ngeni wakati huo, unamwongezea hofu. Siku moja walimletea bibi mmoja mahamri, naye akapaliwa, kwa kuwa hawakujua kwamba ugonjwa ukikua hata kumeza huwa kazi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini nilitarajia utaratibu ule usimamishwe mara moja, na haukusimamishwa. Wimbo wenyewe sina ugomvi nao: nimemsikia bibi yuleyule, ambaye sentensi haimaliziki kinywani mwake, akiimba beti tatu za wimbo wa kanisani wa utoto wake. Waje wawili, asubuhi, wakiwa wamefundishwa.

Kuhusu sala, huduma imekwenda kwa busara inayostahili kuigwa. Tanga ni mji wa Waislamu wengi, na baadhi ya nyumba tunazozitembelea ni zao. Viongozi walikataza kabisa kumhubiria mzee ambaye akili yake haiwezi tena kupima anachoambiwa. Kwa mzee Mkristo tunasali kwa ufupi, kwa maneno aliyoyazoea. Kwa mzee Mwislamu tunaulizana na familia saa za swala, tusije tukamkatiza. Mwenzetu mmoja alipotaka kumwombea bibi atokwe na pepo wa kusahau, kiongozi alimwita kando na kumrudisha darasani. Baadhi walinung'unika kwamba tumeuficha ushuhuda wetu. Mimi nasoma Zaburi ya 71, ambamo mzee anamsihi Mungu asimtupe nguvu zinapomwisha, na naona kwamba kumfuta mtu mate na kumsubiri amalize tonge lake ni utii uliokamilika.

Kwa anayetaka kujiunga, nauli ni juu yako, ingawa wengi wetu tunakwenda kwa baiskeli, na utatakiwa kuahidi miezi sita katika nyumba moja. Kama huwezi kuahidi hivyo, wasaidie wafuaji wa mashuka siku ya Alhamisi, maana nao hawatoshi.