Kayaki Ikikutupa Ziwani, Utabaki na Nini? Mwongozo wa Kununua kwa Wavuvi wa Ghuba ya Winam

Kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, ikipinduka, vitu hukuaga kwa zamu. Huanza kafi, linafuata sanduku la chambo, kisha kofia, na mwisho kayaki yenyewe, kwa sababu ikiwa haina mtu upepo huisukuma kasi kuliko unavyoweza kuogelea. Mimi nilijifunza hayo hapo Dunga, bichi ya Kisumu kwenye Ziwa Victoria, siku ambayo ziwa wala halikuwa limechafuka. Nilijipinda kumtoa sato kwenye ndoana, mara nikajikuta majini. Kayaki ilikuwa mita tatu kutoka kwangu. Nilipomaliza kukohoa ilikuwa ishirini. Jaketi la kuokoa maisha nilikuwa nalo, tena zuri, nimelifunga nyuma ya kiti. Likaenda na kayaki. Nikaokotwa na vijana waliokuwa wakirudi na omena, na walinicheka hadi tukafika bichi.

Tangu siku hiyo nikipanga cha kununua siulizi bei kwanza. Nauliza: hiki kitabaki mwilini mwangu au kitaondoka?

Kwa hivyo nafasi ya kwanza ni jaketi, na hapa usiharakishe maana ndipo watu wengi hupoteza pesa. Tafuta kibandiko cha ndani chenye herufi N. Hizo ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kukuinua, na kila nyutoni kumi ni kama kilo moja. Jaketi la 50N linakuinua kwa kilo tano hivi. Mtu wa kilo tisini akisikia hivyo husema haliwezi kumbeba, lakini mwili wa binadamu unakaribia kuelea wenyewe; kinachohitaji msaada hasa ni kichwa kibaki juu ya maji.

Chaguo langu la kwanza ni jaketi la sponji ngumu la 50N au zaidi kidogo, lililoshonwa kwa ajili ya wapiga kafi: mikono wazi, sponji ya mgongoni imeanzia juu ili isigombane na kiti, mifuko ya mbele ya koleo na ndoana. Utalivaa asubuhi na utalisahau mwilini, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Kasoro yake uijue: limetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea. Ukizimia, halikugeuzi uso juu.

Kama hujui kuogelea (na wavuvi wazuri wasiojua wapo wengi, tusidanganyane), ruka hilo ununue la 100N lenye kola nene, kama yale ya rangi ya machungwa wanayovaa wageni kwenye boti za kutembeza watu. Hilo hujitahidi kukulaza chali, pua juu. Ni joto, linabana kidevu, na kupanda tena kwenye kayaki ukiwa nalo ni kazi. Vumilia, huku ukijifunza kuogelea.

La tatu ni lile la kujaza gesi, jembamba kama mkanda begani. Linapendeza kwa jua letu, na kwenye karatasi linashinda yote kwa 150N. Mimi silinunui. Yale yanayojifungua yenyewe yakiguswa na maji yanaweza kufura ukiwa umekaa tu, kwa mvua au kwa rasharasha, na mvuvi wa kayaki hushinda amelowa. Yale ya kuvuta kamba yanakutaka uwe na fahamu na mkono mzima. Kichupa cha gesi kikishatumika unahitaji kingine cha aina ileile, na hicho hukipati kwenye hadiwea ya mtaani. Halafu kuna ndoana: tundu moja dogo tu, na ile 150N inabaki kwenye kibandiko.

La mwisho, ambalo silihesabu hata kama jaketi, ni mtungi mtupu uliofungwa kamba au tyubu ya gurudumu. Ni heri kuliko kufa, lakini haumo mwilini.

Kabla ya kulipa, livae, funga mikanda yote, umwambie mwenzako avute mabega ya jaketi juu. Likipita masikio, ni kubwa. Kwenye mitumba, finya sponji: ikibaki imebonyea au ikitoa unga, rudisha. Jaketi lililofifia hadi rangi ya chai limeshapigwa jua miaka mingi, na nyuzi zake zinaweza kukatika siku unapozihitaji.

Nafasi ya pili nawapa wadogo watatu ambao kwa pamoja hawafikii bei ya fimbo ya kuvulia: filimbi isiyo na punje ndani, kisu chenye ncha butu, na mkanda wenye kitanzi cha kukanyagia. Filimbi na kisu vinafungwa kwenye jaketi, si kwenye kayaki. Kisu ni cha nyavu, kwa kuwa ghuba imejaa nyavu zilizotegwa na nyingine zilizotelekezwa, na mguu ukinasa hakuna muda wa kufungua fundo. Kitanzi unakifunga kwenye mshiko wa kayaki, kinaning'inia majini, unaweka mguu na kupanda kama unavyopanda pikipiki ndefu. Fundi wa kushona viti vya matatu anaweza kukutengenezea kwa mkanda imara.

Sasa maboya ya kayaki yenyewe, ambayo watu wengi hununua kwanza. Kuna imani kwamba ukijaza chupa tupu tumboni mwa kayaki itabeba uzito zaidi. Haibebi. Tumbo lilikuwa na hewa tayari. Umetoa hewa ukaweka hewa iliyofungwa kwenye plastiki, na umeongeza uzito wa plastiki. Faida inakuja maji yanapoingia, kupitia mlango uliolegea au ufa ulioletwa na kuburuta kayaki kwenye mawe. Hapo kila lita iliyoshikwa na chupa ni lita ambayo maji hayakuipata, sawa na kilo moja ya kukuinua. Chupa kumi za lita mbili, vifuniko vimekazwa, zinakupa karibu kilo ishirini. Kayaki ya plastiki ikijaa maji hubaki ikielea, lakini kwa shida na bila wewe. Ya faiba huzama.

Bora zaidi ya chupa ni vipande vya sponji isiyofyonza maji, ya aina ya patipati, vilivyobanwa visicheze. Ile nyeupe ya masanduku ya samaki inafaa kwa dharura, ila humeguka, na ikiguswa na petroli huyeyuka, basi usiiweke kama una injini ndogo. Povu la kupuliza kutoka kwenye kopo likatae. Baada ya muda hunywa maji, na kulitoa ndani ni balaa.

Maboya ya ubavuni, yanayofanana na matengo ya ngalawa za Pwani, ninayaweka mwisho kabisa. Yanasaidia ukitaka kusimama kurusha ndoana. Lakini kwetu yanakusanya gugu maji na kunasa nyavu, na mchana, upepo unapogeuka kutoka ziwani kuja Kisumu, mawimbi mafupi ya ghuba hii isiyo na kina huyapigapiga hadi unachoka kushika njia. Asubuhi upepo ulikusukuma nje ukadhani umekuwa hodari wa kafi.

Mambo mengine kwa ufupi. Simu kwenye mfuko usioingiza maji, shingoni, ukiwa umeujaribu kwanza na kitambaa cha karatasi ndani. 999 na 112 ndizo za dharura. Nguo na jaketi za rangi ya machungwa au njano, kwani boti ya injini haioni kichwa cheusi kati ya mawimbi. Taa ya kichwani kama utachelewa. Miongozo ya Ulaya itakwambia ununue suti ya kuzuia baridi. Maji yetu yana joto la nyuzi 25 hivi, utapikika. Kwa kiboko hakuna kifaa kinachouzwa: kaa mbali na mafunjo, hasa alfajiri na jioni.

Ukishanunua, chagua asubuhi tulivu, maji ya kifuani, mwenzako akiwa kando, upindue kayaki kwa makusudi ukiwa umevaa kila kitu. Ukishindwa kupanda mara tatu, pesa uliyotengea ile fimbo mpya inarudi kwa fundi wa mikanda.