Kikokotoo hakikuniuliza habari za makala, yaani makaa ya kupikia: uzoefu wangu wa kupima nyayo za kiikolojia Lubumbashi

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na nyumbani kwetu Katuba tunaishi watu saba: mimi, mume wangu, watoto wetu wanne na mama mkwe. Kwa miezi miwili, Juni na Julai, nimetumia kikokotoo cha bure kilichoko kwenye intaneti, chenye maswali ya Kifaransa juu ya chakula, nyumba, umeme, safari na takataka, ambacho mwishoni humwambia mtu zingehitajika dunia ngapi iwapo wanadamu wote wangeishi kama yeye. Nilitaka kukitumia darasani, na sikupenda kuwapa wanafunzi kitu ambacho sijakijaribu kwa maisha yangu mwenyewe.

Hesabu yenyewe ina msingi mzuri. Njia hii, inayoitwa nyayo za kiikolojia, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mathis Wackernagel na William Rees katika Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada. Wanachopima ni eneo: ardhi na maji kiasi gani yanahitajika ili kuzalisha tunavyotumia na kunyonya gesi ya kaboni tunayoitoa. Tukigawa eneo lote la dunia lenye uzalishaji kwa idadi ya watu, kila mmoja anapata takriban hekta 1.5, na kwa jumla wanadamu wanatumia kana kwamba wana zaidi ya dunia moja na nusu. Jibu langu la kwanza lilikuwa dunia 0.6. Mume wangu alifurahi sana alipoona namba hiyo, nami pia nilifurahi kwa muda mfupi, mpaka nilipoyarudia maswali moja baada ya jingine.

Sehemu ya chakula niliiona ya haki. Sisi tunakula bukari (ugali) na mboga za majani, lengalenga (mchicha) au sombe (majani ya muhogo), siku nyingi, samaki tomsoni mara mbili kwa wiki, na nyama Jumapili tu. Kikokotoo kinauliza ni kiasi gani cha chakula kinatoka karibu, na kinapima ukaribu kwa kilomita bila kujali mpaka wa nchi, jambo lililonipendeza, kwa kuwa unga wetu mara nyingi unatoka Zambia na unapita Kasumbalesa, mji wa mpakani, ambako si mbali hata kilomita mia moja kutoka hapa, wakati tomsoni anasafiri akiwa amegandishwa kwa barafu tangu bahari ya Namibia. Sehemu ya safari nayo ilinifundisha. Kila siku ninakwenda kazini kwa miguu au kwa taksi-basi, lakini mwaka huu nilipanda ndege kwenda Kinshasa kwa mazishi, safari inayozidi kilomita 1,500 kwa kwenda peke yake. Nilipofuta saa hizo za ndege ili kujaribu, matokeo yalishuka zaidi kuliko nilipofuta nyama yote ya mwaka mzima. Ndugu zangu wanaosafiri mara kwa mara wanapaswa kuliona jambo hilo kwa macho yao.

Ugumu ulianzia kwenye umeme. Umeme wa hapa kwetu Katanga unatokana na maji, kwa mfano ule wa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, linalofanya kazi tangu mwaka 1930, kwa hiyo nilijibu kwamba karibu umeme wetu wote ni wa nguvu isiyokwisha, na kwamba tunautumia kidogo. Majibu hayo yote mawili ni ya kweli, na kikokotoo kilinipa alama nzuri kwa ajili yake. Lakini tunautumia kidogo kwa sababu haupo. Katika mtaa wetu unarudi usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri, na saa zote za kupika tunawasha mbabula, jiko la makala. Kadiri umeme unavyokosekana, ndivyo kikokotoo kinavyonihesabu kuwa mtu anayetunza mazingira, na ndivyo miti inavyozidi kukatwa kwa ajili ya chungu changu. Kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna swali hata moja linalohusu makala. Nilisoma maelezo ya watengenezaji nikaelewa sababu: wanaanza na wastani wa nchi nzima, ambamo kuni na makala vimo tayari, kisha wanausogeza wastani huo kulingana na majibu ya mtu. Pale ambapo hakuna swali, jibu langu haliwezi kusogeza kitu.

Niliamua kupima mwenyewe. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayotumia wauza samaki, nikaifunga kwenye boriti ya jikoni, na kila kapu la makala lilipimwa kabla ya kumwagwa kwenye mbabula. Binti yangu wa pili aliandika namba ukutani kwa kipande cha makala. Siku za kawaida zilikuwa na kilo mbili au zaidi kidogo. Siku za maharagwe zilifika kilo tatu na nusu, na nilipowaonyesha nyumbani, mama mkwe alisema, "Mwanangu, maharagwe haya ndiyo yanakula msitu." Mwisho wa Juni jumla ilikuwa kilo 71.

Tanuru la udongo la wachoma makala wetu hutoa kilo moja ya makala kwa kila kilo tano hadi kumi za mti, kwa hiyo katika mwezi mmoja jiko letu lilitumia miti ya miombo, msitu wa eneo letu, isiyopungua kilo 350, pengine 700. Makala mazuri ni kaboni kwa takriban sehemu nane katika kumi, na kila kilo ya kaboni ikiungua inatoa kilo 3.67 za gesi, hivyo zile kilo 71 zilitoa kilo zaidi ya 200, kabla ya kuhesabu moshi wa tanuru lenyewe. Miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki ikiachwa ipumzike, na ikichipua, sehemu kubwa ya gesi hiyo inarudi mtini. Nilimuuliza kijana anayetuletea makala kwa baiskeli kupitia barabara ya Kasenga kama visiki vinaachwa. Alijibu, "Mama Mwalimu, wanalima mahindi palepale. Zamani nilikwenda na kurudi siku moja, sasa ninalala njiani."

Mwezi wa Julai tulibadilisha mambo matatu. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha. Mbabula ya bati iliyochakaa niliibadilisha kwa ile yenye udongo ndani, inayotunza joto. Makala yanayobaki baada ya kupika tuliyafunika kwenye sufuria kuukuu mpaka yazimike, yakatumika kesho yake. Baridi ya Julai hapa ni sawa na ya Juni, kwa hiyo ninaona ulinganisho ni wa haki, na jumla ilikuwa kilo 53, robo nzima pungufu. Nilirudi kwenye kikokotoo nikiwa na furaha, nikajibu tena maswali yote kwa uaminifu, na kikaniambia dunia 0.6, ileile.

Kwa mtu mwenye gari, anayepanda ndege au mwenye jenereta, ninakipendekeza bila kusita. Jenereta hasa, kwa sababu kila lita ya petroli inatoa kilo 2.3 za gesi na watu wa mjini wamezoea kuiwasha bila kuhesabu. Kwa nyumba kama zetu kinapima sehemu ndogo ya maisha na kuacha kubwa. Niliwaandikia watengenezaji nikiomba swali moja tu liongezwe: kilo ngapi za makala au kuni kwa wiki, na watu wangapi wanakula kutoka kwenye chungu hicho. Bado sijapata jibu.

Darasani nimeanza na mizani. Wanafunzi 38 wa darasa la tano wanapima nyumbani kwao kwa siku saba, wakiyapima makala makavu tu, kwa kuwa makala yenye unyevu yanadanganya mizani, na Ijumaa tunaandika namba zao ubaoni.