Kituo cha mkono kwa mkono Mwanza: mchana kizuri, usiku kigumu

Kwa anayemsindikiza mwanafunzi aliyebakwa, faida kubwa ya kituo hiki cha hospitalini ni kwamba daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na afisa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi na matibabu, inajazwa hapohapo, na mtoto anasimulia mara moja tu.

Usiku askari hayupo, na mapokezi humrudisha mtu akatafute fomu polisi. Msikubali. Ombeni kwanza dawa za kinga ya VVU: zianzwe ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Anayevuka kutoka Ukerewe anasubiri meli, saa hazimsubiri.

Asioge wala kufua. Nguo zikaushwe kivulini, kila moja kwenye bahasha yake ya kaki. Kwenye mfuko wa plastiki zinaota ukungu na ushahidi unaharibika. Bebeni na kanga ya kubadili, pale hakuna.

Kinachouma zaidi ni chumba cha mahojiano: pazia badala ya mlango, na nje yake benchi la wagonjwa. Mtu akikohoa, mwanafunzi anashusha sauti, maelezo yanaishia nusu, na polisi anaandika hivyohivyo. Wekeni mlango, jamani.