Vikokotoo vya bei ya domeni: uzoefu wangu baada ya kuuza moja

Kikokotoo cha kwanza kiliniambia domeni yangu, yaani jina la anwani ya tovuti, ina thamani ya dola 2,340. Cha pili, dakika tano baadaye, kikasema dola 190. Jina lile lile, herufi zile zile kumi na moja, .com ile ile. Nikacheka, kisha nikanuna, maana zile 2,340 nilikuwa nimeshaanza kuzipangia matumizi.

Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa. Nililisajili 2016 kwa ajili ya mradi uliokufa kabla haujaanza kutembea, na tangu hapo nilikuwa nikililipia kila mwaka kwa uvivu wa kuliacha. Hatimaye nikaamua kuliuza, na mengine mawili niliyokuwa nayo niyapime hapo hapo. Nilitumia vikokotoo vinne vya bure. Sivitaji kwa majina kwa sababu kasoro nilizokutana nazo ni za vyote, kila kimoja kwa namna yake.

Kwa urahisi, havina mpinzani. Unaandika jina, unabofya, bei inatoka. Vinachoangalia kinaeleweka: urefu wa jina, kimalizio chake (kama .com au .net), kama maneno yake yamo kwenye kamusi, watu wanayatafuta kiasi gani mtandaoni, watangazaji wanalipa kiasi gani kwa kila mbofyo, na majina yanayofanana nalo yaliuzwaje. Shida ni kwamba hakuna hata kimoja kinachojua kama duniani kuna mtu anayelitaka jina lako. Na domeni, tofauti na gari au simu iliyotumika, ipo moja tu, na mara nyingi wanunuzi wake wa kweli hawazidi watano.

Jingine lililonikera ni lugha. Moja ya domeni zangu inaanza na neno "shamba". Kikokotoo kimoja huonyesha jinsi kinavyolikata jina kabla ya kulipima, na langu lilikatwa "sham" na "ba". Sham kwa Kiingereza ni ulaghai. Kwa hiyo neno ambalo kila msomaji wa Kiswahili analielewa bila kuuliza lilipimwa kama ulaghai wenye mkia. Thamani: chini ya dola 100. Kama majina yako ni ya Kiswahili, usipoteze muda huko.

Nako kuna kosa la upande wa pili. Jamaa yangu ana domeni yenye jina la chapa maarufu ya simu ndani yake, na kikokotoo kikampa maelfu ya dola kwa furaha zote. Hakikumwambia kwamba mwenye chapa anaweza kufungua shauri chini ya utaratibu wa mwaka 1999 wa kutatua migogoro ya majina, uitwao UDRP, wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, na akishinda jina linahamishiwa kwake bila jamaa kulipwa senti. Jina la aina hiyo si mali. Ni kesi inayosubiri tarehe.

Kilichonifaa kweli ni kutafuta mauzo halisi. Tovuti ya NameBio ina kumbukumbu za mauzo yaliyotangazwa, unatafuta kwa neno na unachuja kwa kimalizio na mwaka. Nilitafuta majina yenye neno langu la pili, nikakuta mengi yameuzwa kati ya dola 200 na 900, machache sana yamepita 2,000. Hapo ndipo nilipopata akili. Ila nako usome kwa makini. Mauzo mengi ya siri hayaingii humo, na yale makubwa yanayotajwa kila mahali yanadanganya jicho. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, lakini hilo ni neno moja fupi na mnunuzi alikuwa kampuni yenye fedha na mpango tayari. Insurance.com, milioni 35.6 mwaka 2010, iliuzwa pamoja na biashara iliyokuwa ikiendeshwa juu yake. Ukilinganisha domeni yako na hizo, utalala nayo mpaka uzeeke.

Kipimo cha pili hakigharimu kitu: nilitazama nani anatumia jina hilo hilo kwenye vimalizio vingine. Nikakuta kampuni tatu, mbili kwenye .net na .co, moja imeongeza neno mbele ya jina. Hao ndio soko langu. Nikatembelea pia Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, kuhakikisha kabla yangu jina halikuwa la kamari wala matapeli, maana historia chafu hushusha bei na vikokotoo nilivyotumia havikuonyesha lolote kuhusu hilo.

Nikaliweka sokoni kwa dola 1,200. Miezi minne kimya. Kisha ikaja barua pepe tamu mno: mtu yuko tayari kulipa 5,000, ila anahitaji kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani aliyoitaja mwenyewe, nilipie mimi. Nusura nilipe. Kilichoniokoa ni kujiuliza kwa nini mwenye 5,000 ashindwe kulipia cheti anachokitaka yeye. Nikamwambia akate gharama hiyo kwenye bei ya kununulia, akapotea kabisa. Ni utapeli wa zamani katika biashara hii: cheti ndicho bidhaa, mnunuzi hayupo.

Mnunuzi wa kweli alikuja bila maneno matamu. Aliandika mstari mmoja, ananipa 400. Alitoka kwenye moja ya zile kampuni tatu. Tulivutana wiki nzima tukaishia 750. Fedha zilikaa kwanza kwa huduma ya mtu wa kati, nikakabidhi jina, ndipo zikaachiliwa. Tulikwama kidogo, kosa langu: wiki tatu kabla nilikuwa nimehamisha domeni kwa msajili mwingine, yaani kampuni inayosajili majina, ili kupunguza ada, kumbe ukishahama unafungiwa siku 60 kabla ya kuhama tena. Suluhisho likawa mnunuzi kufungua akaunti kwa msajili huyo huyo, nikalisukuma jina ndani kwa ndani, kazi ya dakika kumi. Kama unafikiria kuuza, usihamehame.

Kwa hiyo 2,340 ilikuwa mara tatu ya nilichopata, na 190 ningejutia. Hata wastani wa vikokotoo vyote vinne, 1,080, haukukaribia. Navipa nyota mbili kati ya tano. Vinafaa kwa kuchuja ukiwa na majina mia na unataka kujua yapi uyaache yaishe muda. Kwa kupanga bei ya jina moja, saa moja kwenye kumbukumbu za mauzo ilinisaidia kuliko hivyo vyote, na hiyo naipa nne.

Lile la tatu nimeliacha liende. La "shamba" nimelilipia mwaka mwingine. Juzi nililipima tena kwa ajili ya andiko hili. Limepanda dola sita, na bado ni ulaghai.